Doti Isiyokatwa

Kuna kitambaa kilichonikaa moyoni tangu mwaka jana, nami naona leo nikitoe kwenye ukurasa huu ili wasomaji wangu wa Pwani wakitazame pamoja nami. Si kitambaa cha ajabu. Ni doti moja ya leso, mpya, iliyokunjwa mara nne, ambayo niliikuta ndani ya sanduku la mpwa wangu katika chumba alichopanga mtaa wa Olympic, Kibera, mjini Nairobi. Mama yake, yaani dada yangu, alimnunulia Biashara Street hapa Mombasa siku alipokuwa akisafiri kwenda masomoni. Miezi minane ilikuwa imepita. Leso ile ilikuwa haijakatwa.

Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo, lakini ukurasa huu husomwa na wageni pia. Leso hainunuliwi moja. Hununuliwa doti, vipande viwili vya mtindo mmoja na jina moja vilivyoshikana, na mwenye kununua huvikata akavipinda. Kimoja hujifunga na cha pili hujitanda, au, na hapa ndipo lilipo neno langu la leo, cha pili humpa mwenziwe. Nilimwuliza, "Mwanangu, mbona doti ya mamako hujaikata?" Akanijibu bila ya kuinua uso, "Nimkatie nani, Mjomba?"

Nitalitaja kosa langu kabla sijayataja ya watu wengine. Katika miezi ile minane nilifika Nairobi mara tatu kwa shughuli za gazeti. Nililala mjini, nikala Eastleigh kwa rafiki zangu, nikaswali Ijumaa msikiti wa Jamia, na mara zote tatu nilimpigia simu mpwa wangu nikamwuliza hali. "Sijambo, Mjomba. Nyinyi huko hamjambo?" Sauti ilikuwa nzima, nami nikaridhika, nikapanda basi la usiku nikarudi zangu. Lau si dada yangu kuniambia, "Kaka, huyu mtoto siku hizi hujibu neno moja moja, nenda ukamwone kwa macho," huenda nisingefika hata leo. Nilipofika nilimkuta amekonda, darasani hajaingia kwa wiki tatu, na jirani wa mlango wa pili hamjui hata jina.

Na Olympic, kwa asiyeijua, si pahala pa kimya. Ndiko ziishiako matatu za Kibera. Makondakta hupiga makelele tangu alfajiri, njia imejaa wauza viazi, mandazi na samaki wa kukaanga, watoto wa skuli hawahesabiki, na huko chini garimoshi hupita katikati ya nyumba za mabati. Ukivuka Ngong Road ukaenda upande wa Kawangware, hali ni ile ile. Vijana wanaopanga vyumba mitaa hii wametoka kila pembe ya nchi, Busia, Kitui, Garissa, Kilifi, na wengi wamekuja peke yao, kwa masomo au kwa kibarua. Mtu husikia kikohozi cha jirani yake ukutani usiku kucha na asimjue sura. Sisi tuliolelewa Mji wa Kale, ambako ukipiga chafya nyumba ya tatu hukuombea rehema, ni vigumu kulisadiki jambo hili mpaka tulione.

Leso, kama mjuavyo, ina pindo linaloizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina. Nikiwa nimekaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwamo chumbani mle, nilifikiri kwamba binti huyu tumempa mji, tena mji mkubwa kupita kiasi, na pindo hatukumpa.

Tusidhani kuwa hii ni hadithi ya binti mmoja. Tarehe 30 Juni 2025 kamisheni iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake juu ya mahusiano ya watu. Yasema kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 29, waliosema kuwa ni wapweke ni kati ya asilimia 17 na 21. Na sisi tuliokuwa tukisema kwamba upweke ni maradhi ya Wazungu wanaozeeka na paka zao, ripoti imetujibu vizuri: katika nchi maskini waliosema wanaona upweke ni kama asilimia 24, katika nchi tajiri ni kama 11. Hapa kwetu Kenya, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu cha 226 cha sheria za jinai kinapingana na Katiba, kijana aliyejaribu kujitoa uhai alihesabiwa mhalifu wa kupandishwa kizimbani. Mahakama imemwondolea kizimba, na imefanya vyema. Mtu wa kuzungumza naye saa tatu ya usiku haikuwa kazi ya mahakama kumtafutia.

Sasa wataalamu wa nguo nao wameingia. Huko ng'ambo wako wanaobuni vitambaa vyenye kuitikia, yaani ukikigusa kinawaka, ukikibana kinatoa sauti, au kinapeleka habari kwa mtu aliye mbali. Mashuhuri katika hivyo ni shati liitwalo Hug Shirt, lililobuniwa mwaka 2002 na waasisi wa kampuni ya CuteCircuit ya London. Ndani yake mna vifaa vidogo vya umeme vinavyopima mbano wa mikono. Aliyelivaa akijikumbatia, simu hupeleka habari ile, na aliyevaa shati la pili, hata kama yuko nchi nyingine, huhisi mbano ule mwilini mwake. Mwaka 2006 jarida la Time la Marekani lililihesabu miongoni mwa uvumbuzi bora wa mwaka.

Mimi siwacheki watu hawa. Wamefahamu jambo moja ambalo wengi hawajalifahamu, kwamba shati kama hilo lazima yawe mawili. Kinachonitatiza ni kuwa anayepeleka kumbatio hujikumbatia mwenyewe. Na betri ikiisha je?

Lakini kitambaa chenye kuitikia si kigeni kwetu hata kidogo. Neno leso tulilipata kwa Wareno, nalo kwao ni kitambaa cha mkono; wanawake wa Pwani katika karne ya 19 walikuwa wakinunua vitambaa hivyo sita vikiwa havijatenganishwa, wakaviunga tatu kwa tatu wakapata vazi. Mwaka 1887 likafunguliwa hapa Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kila mwanamke wa Pwani hulijua kwa chapa yake ya Mali ya Abdulla, na yasimuliwa kwamba ni huko mapema karne ya 20 ndiko majina yalikoanza kupigwa chini ya mji wa leso, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi. Tangu hapo leso ikawa barua isiyotiwa bahasha. Mke akiudhiwa na wifi yake hakwenda kugombana mlangoni. Alikwenda dukani akachagua jina, akajifunga, akapita barazani polepole. Wifi naye hakuhitaji kufundishwa la kufanya. Alichukua fedha zake akaenda duka lile lile.

Sisi watunzi twaijua adabu hiyo, maana ndiyo yetu ya kujibizana magazetini: huyu hutoa fumbo, yule hulifumbua kwa vina vile vile, na mhariri hupata kichwa kumuuma. Naweza kusema kwa ujuzi wa miaka mingi kwamba shairi lililotukanwa halimuumi mtunzi kama shairi ambalo halikujibiwa na mtu.

Basi nikiulizwa dawa ya leso iko wapi, sitasema iko katika rangi wala katika jina peke yake. Iko katika kazi ambazo leso humlazimisha mtu azifanye na watu. Lazima ikatwe, na anayekata peke yake hukata mshazari, kwa hivyo mmoja hushika ncha na mwingine mkasi. Lazima ipindwe, na hapo pana fundi au jirani mwenye cherehani. Lazima isomwe, na anayesoma huuliza, "Umekusudia nani?" Ondoa watu hao, utabaki na pamba iliyotiwa rangi.

Nalisema hili kwa sababu nimeona namna tunavyowashughulikia vijana wetu. Kila ifikapo tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, hugawiwa fulana zenye maneno mazuri kifuani, aghalabu ya Kiingereza. Kijana huvaa, hupigwa picha, hurudi chumbani. Fulana husema na umati, na umati haujibu. Hakuna mtu aliyewahi kusimama njiani akamwambia mvaaji, "Hilo neno lako nimelisikia, na hili hapa jawabu langu." Maneno yalitungwa ofisini, yakapigwa chapa elfu moja, na kijana akafanywa ubao wa kutundikia.

Nirudi Olympic. Siku ya pili yake nilimchukua mpwa wangu tukaenda Makina, kwa fundi mmoja mwenye cherehani yake nje ya duka. Makina ni kwa Wanubi, ndugu zetu katika dini, wajukuu wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, ambao walikalishwa pale mwanzoni mwa karne ya 20 palipokuwa msitu. Na Kibra kwa lugha yao ndiyo msitu. Wamekaa miaka zaidi ya mia wakiitwa wageni, mpaka mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ekari 288. Nayataja haya si kwa kuonyesha ujuzi. Nayataja kwa sababu ya lililotokea.

Fundi alipoitandaza doti juu ya meza, bibi mmoja mzee wa Kinubi aliyekuwa akingoja nguo yake alinyoosha shingo. "Imeandikwaje hiyo?" Nikamsomea jina, na nakiri kuwa mimi mwenyewe ndipo nilipolisoma kwa makini: MGENI WANGU NI WENU, MTUNZENI. Bibi akamtazama mpwa wangu, akamtazama tena. "Na mgeni mwenyewe ndiye wewe?"

Mpwa wangu alicheka, kisha akalia, pale pale mbele ya fundi na wateja. Bibi hakumkataza. Alichukua kipande kimoja kilichokwisha kukatwa, nyuzi zake zikining'inia, akamfunika nacho mabegani, akampa nafasi ya kukaa kwenye benchi.

Nilikumbuka kisa ambacho kila aliyepita chuoni amekisikia, jinsi Mtume wetu (S.A.W.) alivyoteremka kutoka pango la Hira akitetemeka, akaomba afunikwe, na Bi Khadija akamfunika na kumliwaza. Maalimu wetu alikuwa akifika pahala hapo akitunyamazia kidogo, kisha akituuliza, "Nguo ile ilijiweka yenyewe?" Tulipokuwa wadogo tuliliona swali la kitoto.

Jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa pale kwa fundi ni hili: dada yangu hakulichagua jina lile kwa ajili ya mwanawe. Aliwaandikia majirani wa Olympic, watu asiowajua, akawaomba wamtazamie mtoto. Barua ile ilikaa sandukuni miezi minane, na walioandikiwa walikuwa wakipita nje ya mlango kila siku wasiione. Mtoto mwenyewe alidhani ni kumbukumbu ya nyumbani, akaihifadhi isichakae.

Tulipokuwa tukirudi, kijana mmoja atengenezaye simu chini ya ngazi za jumba lile, ambaye alikuwa amekiona kile kipande mabegani mwa binti, aliniuliza kwa utani, "Sasa mzee, sisi wanaume tutajifunga nini?" Nikacheka. Lakini swali lile lilipanda basi nami hadi Mombasa, kwa sababu ni la kweli. Kikoi hakina jina. Mwanamume wetu huvaa nguo zisizosema, na mtoto wa kiume wa mjini anapoumwa na ukiwa, mtu wa kwanza kujua huwa ni mwenye nyumba anayekuja kudai kodi.

Hapa naomba nikae kidogo, maana twasahau tulicho nacho. Waliofika Lamu wamewaona wanaume wamekaa barazani baada ya alasiri, kila mmoja na sindano yake, wakishona kofia za mkono. Kofia moja iliyotobolewa vitundu na kuzungushwa uzi vizuri huweza kuchukua miezi. Nilipokuwa mtoto nilitumwa kuwapelekea kahawa wazee wa namna hiyo, na nikawa nakawia makusudi nisikilize. Mambo waliyokuwa wakiyasema pale sikuyasikia pengine popote: deni, mtoto aliyepotea baharini, mke aliyeondoka. Baadaye nilitambua sababu. Watu wakishona hawatazamani. Macho yako kwenye tundu na uzi, mikono ina kazi, basi ulimi hupata uhuru wa kutoa lile ambalo usingelitoa ukikodolewa macho na mtu aliyeshika kalamu na karatasi akikuuliza, "Unajisikiaje?" Na anayesikiliza naye hakurupuki kushauri, kwa kuwa anahesabu vitundu vyake.

Vijana wa Kibera hawakosi kitambaa. Soko la Toi liko hapo karibu, limejaa mitumba, na wachuuzi wake walilijenga upya wenyewe baada ya kuteketezwa katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wala hawakosi desturi ya kumwandikia jirani. Katika siku zile zile za moto, msanii ajulikanaye kwa jina la Solo 7 alizunguka Kibera na rangi na brashi akiandika maneno ya amani kwenye kuta, milango na vibanda, akisema na watu waliokuwa na mapanga mkononi. Kwa hivyo mtaalamu anayetaka kubuni nguo ya kuwaondolea vijana hawa ukiwa, iwe yenye umeme au isiyo na umeme, asianzie ofisini. Aende na sindano, akae kwenye benchi la Makina au chini ya zile ngazi, aachie nafasi tupu pahala pa jina, na wao watamwambia la kuandika.

Kwa wafanyi biashara wetu wa leso nina ombi langu la kishairi. Mbona kila doti vipande vyake viwili vina jina moja? Kipigwe kimoja chenye swali na cha pili chenye jawabu, ili mwenye kimoja asitulie mpaka ajue kingine kiko kwa nani. Au kimoja kiwe na jina na cha pili kiachwe wazi, mwenye kukipokea ajaze kwa sindano yake. Malenga wa kutunga majina hayo hawakosekani. Mimi nitaanza, na barua za wasomaji zitanisahihisha kama kawaida yao.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kuwa leso hiyo hiyo imevunja nyumba za watu kwa mipasho, na ni kweli. Kinachoweza kuliwaza chaweza kuchoma, na simu za vijana zatuonyesha hayo kila siku. Nitaambiwa tena kuwa mtu aliyezama katika maradhi ya moyo hatibiwi kwa kipande cha nguo. Hilo nalo ni kweli, apelekwe kwa daktari, na mapema. Ila mpwa wangu alipofikishwa kwa daktari, aliyemshika mkono njiani hakuwa mjomba wake aliyekuwa amekwisha kurudi Mombasa.

Alikuwa ni msichana wa mlango wa pili, mtoto wa Busia anayeuza nguo Toi. Kipande cha pili cha doti alipewa yeye. Mpwa wangu amerudi masomoni, na wiki iliyopita alinipigia simu, yeye mwenyewe, jioni, si kwa kunijibu hali. Alikuwa na mashtaka. Wamefua siku moja, wameanika kamba moja, mvua ikanyesha, mtoto wa jirani akaanua vyote viwili akavitupa ndani ya beseni moja. Na sasa hawajui kipi ni cha nani. Kimoja kina doa la mafuta ya kupikia, na kila mmoja adai kuwa hicho si chake. Nyuma yake nilimsikia yule wa Busia akipiga kelele kwamba ana mashahidi.

"Mjomba," akaniambia, "wewe ndiye uliyezipeleka kwa fundi. Sema basi, changu ni kipi?"

Nimemwambia kwa simu sitaweza kujua. Nitakwenda nikavitazame.